Mfupa Hausubiri Risiti

Mada iliyotolewa na Mweka Hazina kwenye mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya Umoja wetu, Dar es Salaam



Miaka yote mmezoea nikisimama hapa nasoma mapato na matumizi. Taarifa hiyo ipo kwenye kijitabu mlichopewa mlangoni, na maswali nitayajibu baada ya chakula. Leo Kamati imeniomba nizungumzie mifupa. Najua wapo wanaojiuliza mhasibu na mifupa wapi na wapi. Jibu lipo kwenye daftari letu la misaada. Nilipolipitia mwaka huu niliona jambo moja linajirudia: kijana wa bodaboda kavunjika paja, mtoto kaanguka mtini, mama mzee kateleza uani, mchimbaji kaangukiwa na mwamba duarani. Na karibu kila ombi lilitufikia likiwa limechelewa.

Mimi si daktari. Niliyoyaandika hapa nimeyauliza kwa wanaojua, na mwanachama mwenzetu ambaye ni daktari wa mifupa ameyasoma kabla yenu. Ila kisa cha kwanza ni changu mwenyewe, na dada yangu ameniruhusu nikisimulie.

MKONO WA MPWA WANGU

Ilikuwa Desemba. Mliokulia kwetu mnajua Desemba ni msimu wa maembe. Mtoto wa dada yangu, wakati huo ana miaka tisa, alianguka kutoka kwenye mwembe akatua kwa mkono wa kulia. Kiwiko kikavimba. Jioni ile ile akapelekwa kwa mzee mmoja wa kijiji cha jirani anayeunga mifupa. Akafungwa fito na vitambaa, akakazwa sawasawa. Usiku mtoto akalia hadi asubuhi. Dada akaambiwa avumilie, maumivu ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Ijumaa asubuhi dada akanipigia. Vidole vimevimba, vimekuwa baridi, anataka fedha ya usafiri na matibabu. Mimi nilikuwa ofisini tunafunga hesabu za mwaka. Nikamjibu kama mhasibu: "Dada, nitumie kwanza makadirio. Usafiri ni kiasi gani, hospitali wanataka kiasi gani, halafu nitajua cha kufanya."

Dada yangu hakuwa na makadirio. Alikuwa na mtoto anayelia.

Fedha niliituma Jumapili jioni. Jumatatu wakafika hospitali, mkono umeshakuwa mweusi. Ukakatwa chini ya kiwiko. Sijui kama fedha ya Ijumaa ingeuokoa mkono ule. Daktari hakuniambia, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Ninachojua ni kwamba gharama ya upasuaji, ya kulala wodini na ya dawa ilipokuja, pamoja na risiti zake zote nzuri, nililipa bila swali hata moja. Ilikuwa mara nyingi ya ile nauli aliyoiomba dada yangu.

Mtoto yuko shuleni, anaandika kwa mkono wa kushoto, na hati yake inazidi kuwa nzuri. Anaponiona huniamkia kwa furaha. Hajui habari ya makadirio. Nimeona niiseme mimi.

KINACHOWAHI KUFA SI MFUPA

Sitaki mtu atoke hapa akisema mhasibu amewatukana wazee wetu wanaounga mifupa. Wapo wengi huko kwetu waliofungwa nao wakapona, na baadhi yenu mmekaa humu ukumbini kwa mikono yenu miwili. Mfupa uliovunjika bila kutoa kidonda, ukitulizwa mahali pamoja kwa wiki za kutosha, mara nyingi huunga. Tatizo liko kwenye kukaza. Kiungo kilichovunjika huvimba, na kikivimba ndani ya kamba zisizolegea, damu haipiti. Mfupa unaweza kusubiri siku kadhaa ukapangwa vizuri. Misuli iliyokosa damu kabisa huanza kufa ndani ya saa sita hivi.

Kwa hiyo, aliyefungwa na mzee na aliyefungwa hogo hospitali, wote kipimo chao ni kimoja: vidole. Naomba mvikariri, muwapigie simu mama zenu kesho muwaambie. Angalia rangi. Gusa usikie kama ni vya moto au baridi. Bonyeza ukucha uachie. Wekundu urudi upesi, usipite sekunde mbili. Muulize kama anasikia ukimgusa. Mwambie avicheze, kisha vinyooshe wewe mwenyewe taratibu. Mtoto anayelia kwa maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, hasa ukimnyoosha vidole, huyo ni wa hospitali usiku huo huo, asingoje kuche. Fito na kamba zifunguliwe kabla hamjaanza safari. Hogo la hospitali likibana, rudini mlikotoka hata kama ni saa nane za usiku, lipasuliwe.

Kiwiko cha mtoto aliyeanguka mtini kinahitaji uangalizi wa pekee, kwa sababu mshipa mkubwa wa damu unapita mbele kabisa ya pale mfupa unapovunjikia. Kikiwahiwa, daktari hupiga picha, hunyoosha mfupa, na akiona haja huushikiza kwa vyuma vyembamba ambavyo hutolewa baada ya wiki tatu au nne. Mtoto hurudi shuleni.

Mfupa ukitoka nje, au kukiwa na kidonda juu ya mvunjiko, usipake udongo, majani, petroli wala majivu. Funika kwa kitambaa safi, funga banzi bila kukaza, nenda. Dawa ya kuua vijidudu na sindano ya pepopunda vinatakiwa mapema, na kidonda lazima kioshwe vizuri hospitali. Mguu ulioingia uchafu barabarani ukachelewa kuoshwa unaweza kutoa usaha kwa miaka.

Na kwa ndugu zetu wa maduarani: mtu aliyeangukiwa na mwamba au aliyedondoka shimoni asivutwe kwa mikono wala kukunjwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Uti wa mgongo unaweza kuwa umevunjika huku mishipa ya fahamu bado mizima. Alazwe juu ya ubao au mlango, watu wanne au zaidi wamnyanyue kwa pamoja, shingo na mgongo vibaki vimenyooka. Kuna mtu atatembea au hatatembea tena kwa namna alivyotolewa shimoni.

Paja nalo. Zamani kijana aliyevunjika paja alilala wiki sita na zaidi huku mguu umening'inizwa mawe. Bado inatokea. Lakini leo chuma kinaweza kuwekwa ndani ya mfupa, na kijana akaanza kusimama kwa magongo ndani ya siku chache. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, hutengeneza chuma cha namna hii kwa ajili ya hospitali za nchi kama yetu, na taasisi yetu ya MOI pale Muhimbili ni miongoni mwa wanaokitumia. Nawaomba mpige hesabu rahisi. Bodaboda ni ya mkataba, kijana ana mke na watoto wawili, na amelala wiki nane. Atakapoamka pikipiki imeshachukuliwa na mwenyewe.

SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI

Sasa watoto wachanga. Katika kila watoto elfu moja wanaozaliwa, mmoja au zaidi kidogo huzaliwa na mguu kifundo: unyayo umegeuka kuelekea ndani na chini, wakati mwingine miguu yote miwili. Kwetu mtoto huyo hufichwa. Mama husemwa, baba hukaa kimya, na wengine hutafuta mchawi ni nani. Hakuna mchawi, na mama hakufanya kosa lolote.

Daktari mmoja mzaliwa wa Hispania, Ignacio Ponseti, akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, alianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kutengeneza njia ya kunyoosha miguu hii bila upasuaji mkubwa. Leo ndiyo inayotumika duniani kote. Mguu unanyooshwa kidogo kwa mkono na kufungwa hogo kuanzia vidole hadi juu ya goti. Baada ya wiki moja linatolewa, unanyooshwa tena kidogo, linafungwa jingine. Kwa kawaida hogo tano hadi saba zinatosha. Wengi huhitaji pia kukatwa kidogo mshipa mgumu wa kisigino, kazi ya dakika chache kwa ganzi, halafu hogo la mwisho la wiki tatu.

Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Mguu umeonekana umenyooka, watu wanashangilia, mama anaacha kwenda kliniki. Kumbe kazi kubwa ndiyo inaanza: mtoto anavaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, karibu saa zote kwa miezi mitatu ya kwanza, halafu usiku na anapolala mchana hadi afike miaka minne au mitano. Asipovaa, mguu unarudi ulivyokuwa. Mpango ukifuatwa wote, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi hupata mguu wa kukanyagia vizuri, wa kuchezea mpira.

Matibabu haya huanza wiki za kwanza za maisha. Hapa Dar es Salaam CCBRT, iliyoanzishwa mwaka 1994, imewatibu watoto wengi sana wa namna hii. Lakini hakuna sababu ya mtoto wa Kahama kuletwa mpaka hapa kama Bugando ipo Mwanza. Kinachoshinda ni nauli: kwenda na kurudi kila wiki, safari ya zaidi ya kilomita 200 kwa upande mmoja, mara sita au saba, na mama huyo ana watoto wengine nyumbani. Asiyetibiwa hukua akikanyagia mgongo wa unyayo. Shule iko mbali, anaiacha. Hao tunawafahamu kwa majina.

Matege ni habari nyingine, na hapa nawapa akina mama faraja. Mtoto anayeanza kutembea huwa na matege ya kawaida hadi kama miaka miwili. Baadaye, miaka mitatu au minne, magoti hugongana. Akifika miaka saba hivi miguu mingi imenyooka yenyewe. Haihitaji kukandwa wala kufungwa kamba. Mpeleke akaonwe ikiwa mguu mmoja tu ndio umepinda, ikiwa kupinda kunazidi baada ya miaka miwili, ikiwa anaumwa, au ikiwa hakui kama wenzake. Mwili wake unaweza kukosa kalisi na vitamini D. Sisi wa Shinyanga tukumbuke pia kwamba visima vya baadhi ya maeneo ya mkoa wetu vina floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu hata mifupa. Maji ya Ziwa Victoria yalipofika Kahama mwaka 2009 tulifurahia bomba. Yalikuwa pia tiba ya mifupa ya wajukuu zetu, ila vijiji ambavyo bomba halijafika bado vipo.

Na tusijidharau kwa yote. Mbeleko ya mama zetu, mtoto mgongoni miguu imetanuka, inatajwa kuwa ni sababu mojawapo ya nyonga za watoto wa Kiafrika kuchomoka mara chache kuliko za watoto wanaofungwa miguu ikiwa imenyooka.

Kuna ugonjwa mmoja unaosingiziwa uchawi kuliko mwingine wowote. Mtoto analala mzima, anaamka na homa kali, mguu unauma sehemu moja, hataki kukanyaga. Hakuanguka, au alijigonga kidogo tu. Huyo anaweza kuwa na maambukizi ndani ya mfupa. Akipewa dawa sahihi siku za mwanzo hupona. Akichanjwa chale akakaa wiki tatu, usaha unatoboa nje, kipande cha mfupa kinakufa, na upasuaji hauishi mmoja. Watoto wenye selimundu wako hatarini zaidi, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye watoto wengi wa selimundu nchini. Homa na mguu usiokanyagika ni dharura.

SISI WATU WAZIMA

Nikigusa sisi wenyewe, tuliokaa kwenye viti vya ofisi miaka ishirini. Maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Kulala kitandani siku nzima huyaongeza. Tembea, fanya kazi nyepesi, na si kila mgongo unahitaji picha. Lakini ukiona ganzi sehemu unazokalia, mkojo umefunga au unatoka bila habari, au mguu unakosa nguvu, nenda siku hiyo hiyo. Na mgongo unaouma miezi, na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, hata nundu ikaanza kuota, huo unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Wachimbaji wanaovuta vumbi la mwamba wasipuuze hili. Dawa za kifua kikuu nchini mwetu hutolewa bure, na zikiwahi huokoa miguu.

Magoti ya wazee wetu yamesagika kwa miaka ya jembe. Kupunguza uzito, mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, fimbo ya kutembelea na dawa nyepesi za maumivu husaidia. Jihadharini na vidonge visivyo na jina vinavyouzwa minadani, vinavyoondoa maumivu siku moja na kuvimbisha mashavu baada ya mwezi. Vingine vina dawa kali ambazo hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa yenyewe.

Na bibi akiteleza uani akashindwa kusimama, mguu umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, hapo nyonga imevunjika. Asichuliwe. Mzee anayelazwa ndani miezi hupata vidonda vya mgongo na homa ya mapafu, nasi huitwa nyumbani kuzika.

Hapo ndipo uhasibu wangu uliponitia aibu. Daftari letu linaonyesha kwamba kwenye msiba tunachanga kwa siku moja. Kwenye mvunjiko tunaomba barua, muhtasari wa kikao na makadirio.

OMBI LA MWAKA HUU

Kamati inapendekeza tufungue Mfuko wa Mifupa, na mimi kama mweka hazina nimeandika utaratibu wake kinyume cha mazoea yangu yote. Kwa dharura, fedha inatoka kwanza, risiti zinafuata. Mjumbe wetu wa kule Kahama akithibitisha kwa simu, na viongozi wawili wa huku wakakubali, fedha inatumwa saa hiyo hiyo, kwa kiwango kisichozidi shilingi 300,000. Risiti zitaletwa ndani ya siku thelathini. Najua kuna siku tutadanganywa. Nimeshakadiria hasara hiyo na niko tayari kuisoma hapa mbele yenu mwakani. Hasara ya kuchelewa nimeishaiona, nayo haifutiki kwenye vitabu.

Familia arobaini kwa shilingi 300,000 ni shilingi milioni kumi na mbili. Hilo ndilo lengo letu la leo. Sehemu itabebea wale akina mama wa mguu kifundo, nauli ya kila wiki hadi hogo la mwisho, na nauli ya kliniki baada ya hapo mpaka viatu vivuliwe. Sehemu ndogo itatumika kuwakutanisha wazee wanaounga mifupa na wauguzi wetu wa zahanati kwa siku mbili. Hatuendi kuwafunga wazee wetu. Tunaenda kuwaomba mambo matatu: wasikaze, waangalie vidole kila baada ya muda mfupi, na wenye kidonda au ganzi wawaachie hospitali. Mzee yule aliyemfunga mpwa wangu nilikwenda kumwona. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa nini hakuna mtu aliyewahi kumwambia habari ya vidole. Sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bahasha ziko mezani, na namba ya kutumia fedha kwa simu iko nyuma ya kijitabu. Anayetoa elfu kumi ameshamlipia mama sehemu ya safari. Anayetoa zaidi, Mungu amzidishie. Nawaahidi hesabu kamili, shilingi kwa shilingi, kama kawaida yangu.

Ila dada wa mtu akipiga simu Ijumaa asubuhi, sitamuuliza makadirio.